Trei ya Makombe ya Senje Zilpah

Watu wengi wakipewa kombe la bahari hulitia sikioni. Senje Zilpah alikuwa analinusa. Analishika kwa vidole viwili, analileta puani, anafumba macho kidogo, halafu anasema, "Huyu alikufa zamani," ama anasema, "Huyu ni wa juzi." Nilidhani ni mchezo wake tu wa kupitisha siku. Nilikawia sana kujua kwamba hakuwa anacheza.

Senje ni dada ya baba. Nilihamia kwake Lurambi mwaka 1993, nilipoacha shule darasa la tano. Mume wake alikuwa mkata miwa, akafariki kabla sijazaliwa, na binti yake Muhonja aliolewa Lugari. Shamba lake lilikuwa dogo, ukisimama mlangoni unaliona lote, na mahindi yake yalikuwa yanaisha kabla ya Krismasi. Kilichotulisha ni kazi yake ya mjini, kwa stoo ya chakula cha kuku ya Mzee Jairus Shikanga, nyuma ya soko la Kakamega.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuku wa mayai akikosa chokaa, yai linatoka na ganda laini kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Kwa hivyo Shikanga alikuwa ananunua makombe ya bahari, yanasagwa na kuchanganywa na pumba ya mahindi, mashudu na omena, wale dagaa wa ziwani. Makombe yalitoka Mombasa kwa treni mpaka Butere, mahali reli inaishia, halafu pikapu ya Shikanga inaenda kuyachukua. Lakini hayo magunia yalikuja na kila kitu. Mawe, kamba, vipande vya chupa, matawi magumu meupe yanayokata mkono. Ukitia jiwe kwa mashine, mashine inaharibika. Lazima mtu akae chini na ungo, achambue gunia moja moja. Huyo mtu alikuwa Senje. Alikuwa na kigoda chake chini ya dirisha, na hakuna mwingine aliyekikalia hata siku ambayo hakuja.

Senje hajawahi kuona bahari. Hata ziwa la Kisumu hajaliona. Wanawake wa sokoni walikuwa wanamtania kila asubuhi.

"Mama Bahari! Bahari imeamkaje leo?"

"Imeamka na njaa," anawajibu bila kusimama. "Imeniuliza nyinyi mnaishi wapi."

Mwaka 1992, mzigo wa kwanza kabisa ulipofika, alipata kombe moja ambalo hakuweza kulisaga. Lilikuwa kubwa, limejaa kiganja chake, jeupe, na mistari iliyojipinda kama mifereji ya shamba lililolimwa na mtu mwenye mkono mzuri. Akaliweka kando. Mzigo wa pili ulipokuja akasema hilo la kwanza lisikae peke yake, akatafuta lingine la aina hiyo hiyo. Hapo ndipo desturi ikaanza. Alichukua trei ya mayai, ile ya mashimo thelathini, na kila mzigo ukija anaweka kombe moja kwa shimo moja.

Na alikuwa na sheria. Lazima liwe la aina ile ile, na lazima liwe kubwa kuliko yote ya mzigo huo. Hakuchagua mpaka gunia la mwisho limekwisha. Nimemwona mara nyingi akishika kombe zuri asubuhi, analiweka kwa leso yake, jioni anapata lingine limelipita kidogo tu, basi la asubuhi linaenda kwa mashine. Siku moja la kushinda lilikuwa na ufa. Nikamwambia aweke lile la pili yake, ni zima na linapendeza. Akanitazama.

"Nikianza kuweka la kupendeza, nitakuwa ninajidanganya."

Mizigo ilikuwa sita kwa mwaka. Trei ilikaa juu ya rafu, karibu na mizani, na hakuna aliyejali. Shikanga alikuwa anasema ni mapambo ya wajane.

Sijui ni lini Senje mwenyewe aliona. Hakusema. Lakini kufika 1996 mtu yeyote angesimama mbele ya ile trei angeona. Makombe ya kwanza hayakuingia kwa shimo, yalikaa juu kama kofia. Ya mwaka wa tatu yaliingia sawasawa. Yale ya mwisho ukitikisa trei yalikuwa yanagonga huku na huku kama maharagwe kwa debe. Na hayo ndiyo yalikuwa makubwa kuliko yote ya magunia kumi.

Kitu kingine ni harufu. Makombe ya zamani yalinuka vumbi na chokaa. Yalikuja nusu nusu, yamepauka, mengine yametobolewa na wadudu. Haya mapya yalikuja pande mbili zikiwa zimefungana, kama mtu aliyekataa kusema, na ukiyafungua ndani kuna nyama iliyokauka. Stoo ilianza kunuka. Mbwa wa soko walikuwa wanalala mlangoni.

Mtu wa kwanza kuuliza alikuwa Cherotich. Cherotich alifanya kazi Isecheno, kwa stesheni ya msitu, upande wa kitalu cha miche, na alifuga kuku nyuma ya nyumba yake. Alikuja kila mwezi kununua chakula. Siku hiyo Shikanga alikuwa anapima, na Cherotich macho yake yakaenda kwa rafu.

"Mama, hii umepanga ni nini?"

"Ni ujinga wangu tu, binti."

Cherotich akaitoa trei, akaiweka juu ya gunia. Akachukua kombe la kwanza na la mwisho, akayapeleka mlangoni penye mwanga. Akayageuza huku na huku mpaka Shikanga akamwuliza kama bado anataka chakula cha kuku ama amekuja kuombea makombe.

"Umehesabu hii mistari?" akamwuliza Senje.

"Nimehesabu. Hili la kwanza nilichoka nikiwa kumi na saba. Hili la juzi liko na mitatu."

"Sisi tukikata mti tunahesabu duara zake. Kombe nalo likikua linaongeza mstari. Si lazima mstari mmoja uwe mwaka mmoja, hapana. Lakini mwenye mistari mingi amekaa sana. Huyu wa mitatu, mama, huyu ni mche."

Senje akaacha kupepeta. "Mche?"

"Mche. Huku kwetu tukiona mtu anatoka msituni na mzigo wa kuni nyembamba kama vidole, hatumwulizi kuni zake. Tunauliza miti mikubwa ilienda wapi."

"Na huyu wa mitatu amewahi kuzaa?"

Cherotich akacheka, akainua mabega. "Hapo umenishinda. Mimi ni mtu wa miti. Lakini nilienda kozi Mombasa miezi miwili, na kuko mtu mmoja huko anasoma wanyama wa baharini. Nitamwandikia."

Mwezi uliofuata alirudi na rula na daftari. Akapima makombe yote ya trei moja moja, Senje akimwambia kila moja ni la mzigo gani, na hakukosea hata moja. "Hili ni la ule wakati madaktari waligoma. Hili ni la wakati Muhonja alijifungua mapacha." Cherotich akaandika yote akatuma.

Jibu lilikuja Julai, 1997. Cherotich alilisoma kwa sauti akiwa amesimama karibu na kigoda. Lilikuwa barua ya kurasa mbili na sikushika yote, lakini Senje alimfanya arudie mahali pamoja mara tatu. Mahali hapo palisema kombe la aina hiyo hutoa mayai majini likishafika upana wa vidole vitatu. Chini ya hapo ni mtoto. Tena likikaa chini ya mchanga linachuja maji, kila moja likichuja kidogo chake, na majani yanayoota chini ya maji yanalishikilia ili mawimbi yasilibebe. Watu wakianza kulichimba kwa jembe, majani yanang'oka pia, na samaki wadogo waliokuwa wanajificha humo wanakosa nyumba. Mwisho huyo mtu aliandika kwamba Pwani kwenyewe hakuna mtu aliyepima miaka mitano mfululizo namna hiyo. Akaomba yule mama asiitupe trei.

Senje aliweka vidole vyake vitatu pamoja, akavitazama. Halafu akavipeleka kwa trei na kuvipitisha juu ya mashimo, moja baada ya lingine. Kwa shimo la kumi na nane vidole vikawa vipana kuliko kombe. Kuanzia hapo mpaka la ishirini na tisa, yote yalipitwa na vidole.

"Kwa hivyo miaka hii miwili nimekuwa ninasaga watoto," akasema.

Shikanga alikuwa ameketi kwa meza yake. "Wewe Cherotich, unatuharibia mama."

Siku tatu hakuna kilichobadilika nyumbani. Anasonga ugali, tunakula, analala. Siku ya nne, asubuhi, alisimama mbele ya meza ya Shikanga na mikono nyuma. Nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimempelekea kitambaa cha kichwa alichosahau.

"Baba Lynette, nina neno."

"Sema, Mama Muhonja."

"Koru wanachimba chokaa ya mawe. Wanaisaga vizuri kama unga. Nimeuliza. Mwalimu mmoja wa Butere anapea kuku wake hiyo tu, na mayai yake ni magumu. Tuache makombe."

Shikanga alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Mtu akifiwa alikuwa anatoa pikapu yake bila kuulizwa mara mbili. "Hiyo ya Koru inakuja imesagwa na kufungwa kwa mifuko?"

"Ndiyo."

"Haichambuliwi?"

"Haichambuliwi."

"Sasa wewe utakuwa unafanya nini kwa stoo yangu?"

"Hakuna."

"Unajua hivyo?"

"Nimekaa siku tatu nikijua hivyo."

Shikanga akacheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali. Akasema wateja wanapenda kuona vipande vya makombe kwa chakula, wanajua ni halisi. Akasema bahari ni kubwa, wewe hujaiona, huwezi kumaliza bahari ukiwa umekaa Kakamega. Halafu akatoa lile lililokuwa moyoni. Lazarus mwenyewe, aliyekuwa anamletea makombe, angefika Jumamosi. Wangekubaliana aongeze mzigo mara mbili, Shikanga aanze kuuzia na watu wa Bungoma. "Na wewe ndiye utampikia. Mama Lynette ameenda matanga Lugari. Utachinja yule jogoo mwekundu."

Lazarus alikuwa mtu wa Butere aliyehamia Pwani akiwa kijana. Alikuwa amevaa kofia ya vito, ile ya Pwani iliyodariziwa, na saa kubwa, na Kiswahili chake kilikuwa kimebadilika, kinateleza. Lakini alipoingia kwa Shikanga na kusikia harufu ya ingokho, kuku wa kwetu, alisalimu "Mulembe!" kwa sauti ya nyumbani kabisa. Tena akawaambia huko Mombasa amekula pweza, amekula kaa, amekula kila kitu chenye miguu mingi, lakini kuku wa kwao hajapata mfano wake.

Mimi nilikuwa jikoni na Senje. Yule jogoo alikuwa wa kuokotaokota, anakula yaliyomwagika mlangoni mwa stoo. Senje alimchinja, akamnyonyoa, akamkata vizuri kama anavyokatanga, kila kiungo mahali pake. Mwishoni akashika firigisi, ile sisi tunaita imondo, akaipasua kwa kisu ili aoshe.

Kwetu imondo si nyama tu. Ndiyo inayoonyesha kuku alichinjiwa nani. Anapewa mwenye nyumba, ama mgeni anayeheshimiwa kuliko wote, na sahani ikifika bila imondo ni kama kumwambia mgeni amekuta mabaki ya watu wengine. Mwanamke anajua hivyo tangu utotoni. Senje alijua.

Ndani ya imondo kulikuwa na mchanga, mahindi mawili, vipande vyeupe vya makombe vilivyolainika. Katikati ya hayo kulikuwa na kombe moja zima. Lilikuwa dogo kama punje ya haragwe, pande zote mbili zimefungana. Jogoo alikuwa amelimeza siku hiyo hiyo, halijasagika.

Senje aliketi na kisu mkononi. Akalifungua kwa ukucha. Akalinusa.

"Halina hata mstari," akaniambia.

Maji ya kuoshea yalikuwa karibu naye. Hakuyagusa. Alichukua kisosi, akaweka ile imondo wazi vile vile, na mchanga wake na makombe yake, akafunika na bakuli. Nyama iliyobaki akaipika kwa kitunguu na nyanya mpaka ikawa tayari.

"Senje, na imondo?"

"Beba obusuma," akasema, akanipa sahani ya ugali.

Sahani ziliwekwa mezani. Shikanga aliomba baraka ya chakula, ndefu. Lazarus akanawa, akavuta bakuli la nyama kwake, akaanza kugeuza na kijiko. Akageuza upande huu. Akageuza upande ule. Nikaona Shikanga akinyosha shingo kutazama bakuli kabla mtu hajasema neno.

"Jairus," Lazarus akasema polepole, "huyu kuku alizaliwa bila imondo?"

"Mama Muhonja!" Shikanga aliita kana kwamba Senje yuko ng'ambo ya mto, na alikuwa amesimama mlangoni tu.

"Niko."

"Imondo ya mgeni iko wapi?"

"Iko. Lakini aione kwanza, ndipo aile."

Akaleta kisosi, akakiweka mbele ya Lazarus, akatoa bakuli la juu. Halafu akatoka, na akarudi na trei. Alikuwa ameibeba kutoka stooni asubuhi ikiwa imefunikwa na leso, kwa hivyo nadhani alikuwa amepanga kuionyesha kwa njia nyingine ya adabu. Imondo ndiyo ilibadilisha mambo. Akaiweka trei juu ya meza kati ya ugali na nyama.

Shikanga alisimama. "Unanitukanisha kwa nyumba yangu! Mbele ya mtu ametoka Mombasa! Unamletea mgeni kinyesi cha kuku!"

"Baba Lynette, ni mchanga. Kinyesi kinakaa kwingine."

Lazarus alitaka kucheka, nilimwona. Lakini jicho lake lilikuwa limeanguka kwa trei. Akafuta vidole, akaishika pembeni, akaivuta. Akaanza kwa kombe la kwanza na kwenda na kidole, shimo kwa shimo, kama mtu anayesoma jina lake kwa orodha. Kidole kikasimama katikati.

"Hapa ni lini?"

"Ni tisini na tano," Senje akasema. "Baada ya mavuno."

"Ndiyo wakati nilipata lori." Hakukitoa kidole hapo. "Zamani kina mama walikuwa wakiokota ufukweni yaliyotupwa na maji. Wanajaza ndoo, wanaleta. Nilipopata lori nikawaambia nataka zaidi. Yaliyotupwa hayakutosha. Sasa wanaingia vijana na majembe maji yakipwa, wanachimba mpaka kwenye majani." Akaokota lile kombe dogo kutoka kwa kisosi, akalipangusa. "Nilijua yanapungua ukubwa, dada. Nisikudanganye. Lakini mimi ninayaona yakiwa kwa gunia. Kwa gunia yote ni makombe tu."

"Weka hiyo chini, Lazarus, tule," Shikanga akasema akiketi. "Huyu mama nitaongea naye."

Walikula. Lazarus alikula shingo na bawa. Imondo ilibaki kwa kisosi mpaka mafuta ya mchuzi yakaganda. Alipoinuka alisema, "Jairus, hiyo ya mara mbili tuiache kwanza," na lile kombe dogo akalitia kwa mfuko wa shati.

Shikanga alingoja gari liondoke. Halafu akamwambia Senje maneno mafupi. "Jumatatu usikuje. Si kwa sababu ya makombe. Makombe tungeongea. Ni kwa sababu ya imondo."

"Nimesikia," Senje akasema. Akavua aproni ya Mama Lynette, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Trei akaisahau pale mezani.

Basi tukarudi kwa mboga. Senje alikuwa anachuma saka na kunde kwa shamba letu na mashamba ya majirani, anauza kando ya soko akiwa amekaa chini, mahali ambapo anaona mlango wa stoo. Kigoda chake aliona kikitolewa nje, mlinzi wa stoo akakikalia. Siku hiyo hakuuza vizuri.

Wanawake hawakumwachilia. "Mama Bahari, ni kweli ulimnyima mgeni imondo?"

"Sikumnyima. Nilimwonyesha."

"Eeh! Imondo ni ya kuonyesha? Si ungemwonyesha picha!"

Hata kutoka kanisani walikuja kina mama wawili, wakakaa, wakanywa chai yetu yote, wakamwambia aende kwa Shikanga na kuku aombe msamaha. Senje aliwasikiliza mpaka mwisho. "Kwa imondo nitaomba, nilikosea, mgeni ni mgeni. Kwa makombe siombi. Na hiyo kuku mnasema, mmekuja nayo?" Hawakuwa wamekuja nayo.

Cherotich naye alijilaumu sana. Alikuja mara mbili kutuletea miche ya matunda tupande. Senje akamwambia aache kulia, barua ilisema ukweli, na ukweli haukuandikwa na yeye.

Oktoba ikaingia, na ile mvua ya Elnino. Ilinyesha kama mtu aliyesahau kufunga mfereji. Mboga zikaoza shambani, barabara ya kwetu ikawa mto, na tulikula mahindi ya kuchoma mara mbili kwa siku. Usiniulize kuhusu jioni hizo.

Siku moja ya Novemba, saa nane mchana, tuliona mwavuli mweusi unakuja kwa njia ya kwetu. Chini yake alikuwa Mzee Shikanga, na gambuti zilizojaa matope mpaka juu. Kwapani alikuwa na kuku mzima. Mkono mwingine alikuwa ameshika kitu bapa ndani ya karatasi ya nailoni.

"Hodi hapa."

"Karibu, Baba Lynette. Utateleza, pita kando ya ndizi."

Akaingia, akakaa, akavua kofia. Senje akampa taulo. Waliongea kwanza juu ya mvua, halafu juu ya daraja lililobebwa, halafu juu ya mapacha wa Muhonja. Kuku alikuwa amelala kwa miguu yake akitazama kila mtu. Mwisho Shikanga akafungua ile nailoni. Ilikuwa trei.

"Uliiacha kwangu. Mama Lynette ameipangusa vumbi kila wiki. Ananiuliza kila siku nitaipeleka lini."

Senje akaipokea, akaangalia mashimo. Akakunja uso. "Nilikuwa na ishirini na tisa."

"Nimeweka la thelathini." Shikanga akakohoa. "Lazarus alituma magunia manne peke yake. Amesema anarudi kwa yale yanayookotwa ufukweni, yaliyokufa zamani, na hayatatosha. Nikatafuta lile kubwa. Nilimwaga yote manne chini. Nilichambua mwenyewe, Mama Muhonja, kutoka asubuhi mpaka saa kumi. Mgongo huu!"

"Ulimaliza gunia la mwisho ndipo ukachagua?"

"Si nimekwambia yote manne?"

Senje alilitoa lile kombe. Lilikuwa limepauka, limetobolewa matundu mawili, ukingo umelika, nusu moja tu bila mwenzake. Na lilikuwa kubwa. Lilijaa kiganja, kama lile la kwanza. Akaweka vidole vitatu juu yake na bado kombe likabaki pande zote. Akalileta puani, akafumba macho. Shikanga alikuwa akimtazama kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

"Huyu alikufa zamani," Senje akasema. "Alizaa huyu. Alizaa sana."

Shikanga akashusha pumzi. Akasema sasa anatumia chokaa ya Koru, na mayai yanatoka magumu, hakuna mteja amelalamika ila mmoja ambaye hulalamika hata jua likiwaka. Akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba yuko mwenzake Kisumu ambaye bado ananunua yale madogo kwa mtu mwingine.

 Alirudisha kombe kwa shimo lake. "Huyo wa Kisumu anakulanga imondo?"

"Mama Muhonja!"

"Nimeuliza tu."

"Mimi nimekuja kwa jambo lingine. Omena inakuja na mchanga na vitu sijui ni nini. Nahitaji mtu wa kuchambua. Kigoda kiko. Mlinzi nimemfukuza juu yake."

"Nitachambua omena yako. Lakini ikikuja ndogo kuliko inavyotakiwa nitasema."

"Najua utasema." Shikanga alishika kichwa na mikono miwili. "Najua."

"Na huyu kuku ni wa nini?"

"Ni wa wewe kunipikia," Shikanga akasema, akitazama gambuti zake. "Ile siku sikukula vizuri."

Mvua ilikuwa bado inanyesha wakati nyama iliiva. Senje aliweka ugali katikati, akaweka bakuli la nyama mbele ya Shikanga, na juu kabisa, mahali mtu hawezi kukosa kuiona, akaweka imondo. Shikanga aliitazama. Akaichukua, akaing'ata kidogo upande mmoja. Halafu taya yake ikasimama, na nikaona ulimi wake unatafuta kitu polepole ndani ya shavu.

"Kula, Baba Lynette," Senje akamwambia. "Hii nimeosha."